Baada ya Mtihani, Mtu Asome Nini?

Mwombe mtu aliyemaliza sekondari miaka mingi iliyopita akutajie riwaya ya Kiswahili anayoikumbuka. Mtanzania huenda akataja Watoto wa Mama N'tilie au Joka la Mdimu. Mkenya atakutajia Siku Njema, Utengano au Kidagaa Kimemwozea, na pengine akukumbushie hata swali alilokutana nalo kwenye karatasi. Muulize tena amesoma riwaya gani ya Kiswahili tangu siku hiyo. Wengi hawana la kujibu.

Tatizo si kwamba watu hawa hawapendi hadithi. Wanafuatilia tamthilia za televisheni usiku kucha, wanasimuliana vituko vya mtaani, wanasoma hadithi za magazetini na zile zinazotumwa kwenye simu sehemu kwa sehemu. Kitabu ndicho walichoagana nacho, kwa sababu walikizoea wakiwa na kalamu ya kutafutia dhamira, mandhari na tamathali za usemi. Tena wachapishaji wa Afrika Mashariki huishi kwa soko la shule: kitabu kikiondolewa kwenye orodha ya mtihani huanza kuadimika madukani, hata kiwe kitamu namna gani. Ndiyo maana kwa miaka mingi mshauri mkuu wa msomaji wa Kiswahili amekuwa mtaala, na mtaala haumuulizi mtu anapenda nini.

Rafiki wa vitabu huanza kwa kuuliza. Unapenda filamu gani? Una muda kiasi gani, dakika za kwenye daladala au Jumapili nzima? Unataka kucheka, kuogopa, au kulia kidogo? Akishajibiwa, ndipo anapotaja kitabu kimoja tu. Makala haya yanajaribu kufanya kazi hiyo, hasa kwa vitabu ambavyo vimekuwapo kwa muda mrefu, vingine vikiwa vimefunikwa na vumbi ambalo havikustahili.

Anayependa mauaji na mafumbo aanze na Bwana Msa, bila kusita. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimzaa mpelelezi huyu katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutolewa kitabu mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa amekufa mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wa kawaida hawapiti usiku. Mji mzima uko tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa hayuko tayari. Anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na rafiki yake Najum anamfuata akishangaa. Aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes atamtambua ndugu yake hapo hapo.

Lakini utamu wa Abdulla hauko kwenye kiko. Uko kwenye ukoo. Katika vitabu vyake, ufumbuzi wa kosa la jinai mara nyingi umefichwa katika swali la nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kwa siri, na nani alitarajia kurithi nini. Msomaji wa pwani, aliyekulia katika nyumba ambazo shangazi mmoja anajua siri za vizazi vitatu, anajikuta akipeleleza pamoja na Bwana Msa kwa kutumia elimu aliyoipata barazani. Na watu wa Abdulla wanazungumza kweli: wanakatizana, wanatupiana mafumbo, wanaapa, wanazunguka jambo kabla ya kulisema. Baada ya hicho cha kwanza zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Anayesoma mbili huitafuta ya tatu mwenyewe.

Kuna wapenzi wa upelelezi ambao hawana subira na mazungumzo ya barazani. Wanataka bastola, ndege na magari yanayofukuzana. Hao wana Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974 na Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya wapigania uhuru vya kusini mwa bara vilikuwa na ofisi zao mjini humo. Musiba aliichukua hali hiyo akaigeuza kuwa hadithi ya kasi. Kikosi cha Kisasi kinampeleka Gamba Kinshasa kupambana na maadui wa ukombozi, na kurasa zinajifungua zenyewe. Mzazi anayemkabidhi kijana vitabu hivi ajue jambo moja: wanawake ndani yake mara nyingi ni chambo au pambo, na hilo linafaa kuzungumzwa nyumbani.

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuja na mpelelezi wake, Joram Kiango, katika vitabu kama Salamu Toka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hata hivyo, kitabu chake kinachodumu zaidi ni Dar es Salaam Usiku, ambacho mhusika wake mkuu hasa ni jiji lenyewe, pamoja na watu wanaoamka wenzao wanapolala. Na kabla ya Musiba na Mtobwa alikuwapo Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965, kitabu ambacho wazee wengi hukitaja kwa tabasamu wakikumbuka jinsi nakala moja ilivyozunguka bweni zima.

Sasa aje msomaji anayetaka riwaya nene, yenye mapenzi na siasa pamoja, ya kumkalisha siku kadhaa. Huyu apewe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999.

Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Anakimbia. Ndugu zake wanamfungia milango, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, upande wa mji ambao jamaa zake walikuwa wakiutazama kwa dharau. Huko anajifunza maisha mengine kabisa: taarabu, dansi, kukaa na watu wasio na kitu lakini wenye nafasi ya kumweka mgeni. Huko pia anakutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa Waingereza kwa sababu ya siasa zake. Shafi hampi msomaji hotuba kuhusu ukoloni. Anampa chumba kidogo, mlango unaogongwa usiku, na mwanamke anayetakiwa kuamua haraka. Hapo mtu anaelewa kwa nini mapenzi ya watu wawili yalikuwa jambo la serikali.

Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliigeuza riwaya hii kuwa filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto. Walioitazama filamu bila kusoma kitabu wamebakiwa na karamu nzima, kwa sababu filamu haiwezi kubeba masimulizi yote ya vichochoroni, na Mwajuma wa kwenye kitabu ni mmoja wa marafiki bora waliowahi kuandikwa kwa Kiswahili. Ni mcheshi, hana kitu, hamhukumu mtu.

Aliyemaliza kitabu hicho na kukipenda anaweza kurudi nyuma kwenye Kuli (1979), kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Kama ana moyo mgumu, basi aende mbele kwenye Haini (2003). Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972, na riwaya hii inatoka kwenye giza hilo. Si kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Wala si vizuri kumpa mtu Haini mara tu baada ya Vuta N'kuvute. Aachiwe wiki moja au mbili kwanza, asome kitu chepesi.

Kitu chepesi kipo, hasa katika tamthilia, ambazo watu wengi huziogopa bure wakidhani ni za jukwaani tu. Wengi wanaosema "ya Ngoswe mwachie Ngoswe" hawajawahi kuisoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Karani wa serikali anatumwa kijijini kuhesabu watu. Badala ya kuhesabu, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na kazi ya taifa inaishia kwenye moto pamoja na karatasi za sensa. Ni kitabu chembamba, kinasomwa kwa kikao kimoja, na kicheko chake kina uchungu kwa kila aliyewahi kusubiri huduma katika ofisi ambayo mhusika "ametoka kidogo". Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan, ya mwaka 1973, inachekesha kwa namna nyingine: mvuvi mmoja anachukuliwa roho kabla ya siku yake kwa sababu ya makosa ya kiofisi ya mbinguni, na sasa huko juu wanahangaika wamfanye nini. Kikundi cha marafiki wakigawana nafasi za wahusika na kusoma kwa sauti, jioni inapita bila mtu kuangalia saa.

Wenye muda wa daladala tu wana hadithi fupi. Mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ulipita mikononi mwa wanafunzi wengi wa Kenya kwa sababu ulitahiniwa, na ndiyo maana unastahili kusomwa upya na mtu asiyetahiniwa. Katika hadithi inayobeba jina la kitabu, iliyoandikwa na Said Ahmed Mohamed, jitu moja nene linaingia katika mkahawa wa mtaa wa Madongoporomoka, linaagiza chakula chote kilichopikwa, na linakula mpaka sufuria zinabaki tupu huku wenyeji wakikodoa macho. Baadaye ndipo inapofahamika kwamba njaa ya jitu hilo haikuwa ya wali na nyama. Lilitamani ardhi ambayo wenyeji walijenga vibanda vyao. Mtu anayekaa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, aliyewahi kuona alama ya X nyekundu ukutani, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Said Ahmed Mohamed ni mwandishi wa milango mingi. Anayetaka kisa cha mwanamke aliyefungiwa ndani na baba mkali, kisha akaponyoka na kuumizwa na ulimwengu, amsome Maimuna katika Utengano (1980). Anayependa mizuka amsome K, mkubwa mwenye cheo na mali, anayetembelewa na babu yake aliyekufa katika Babu Alipofufuka (2001).

Kuhusu Euphrase Kezilahabi, mtu atoe ushauri kwa uangalifu. Mwana huyu wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, ametajwa sana kuwa mgumu, na wapo waliompa rafiki yao Nagona (1990) kama kitabu cha kwanza wakamfukuza asirudi tena. Nagona na Mzingile (1991) ni vijitabu ambavyo havifiki kurasa mia kila kimoja, lakini vimejaa ndoto, mafumbo na watu wasio na majina. Ni vya msomaji aliyekwisha kuchoka na hadithi zinazokwenda moja kwa moja. Mlango wa kumwingilia Kezilahabi ni Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamlinda binti yake kwa fimbo. Binti anafika shuleni na chuoni asijue namna ya kujilinda mwenyewe. Riwaya hiyo ilizuiwa mashuleni ilipotoka kwa madai kwamba inapotosha vijana, kisha miaka ikapita, ikaja kufundishwa. Wazazi wa leo wenye mabinti wakubwa waisome wao kwanza.

Kwa wanaopenda nchi zisizokuwapo, Shaaban Robert bado hajapitwa. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani, na ndani yake Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita za dunia, wakarudi na mambo mema, wakaishia gerezani. Kiswahili chake kina mwendo wa taratibu wa enzi zake, na msomaji asiyeuzoea ajipe kurasa ishirini kabla ya kukata tamaa. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, inakwenda mbali zaidi: Dzombo anahukumiwa kifo, chombo kilichokusudiwa kumuua kinamrusha mpaka ulimwengu mwingine, na huko anaona watu wanavyoweza kuishi bila kunyonyana.

Wapo wasiotaka hadithi ya kubuni hata kidogo. Wao wanataka mtu aliyeishi. Shaaban Robert aliwaandikia Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akaja mjini kuuza vyungu, akaishia kuimba kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima. Ni kitabu kifupi na chenye heshima kubwa kwa mhusika wake. Ken Walibora, aliyefariki Nairobi Aprili 2020, aliacha tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Inafaa kusomwa jirani na Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996 kuhusu Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga mwenye mama mwimba taarabu, anayefunga safari mpaka Kitale kumtafuta baba. Riwaya hiyo ilipendwa hata watu wakawa wanamwita Walibora kwa jina la mhusika wake.

Vitabu vilivyotafsiriwa vina sehemu yao, na si ya kando. Alfu Lela Ulela na Mashimo ya Mfalme Sulemani vimelea wasomaji tangu enzi za ukoloni. Fortunatus Kawegere alitafsiri Shamba la Wanyama la George Orwell mwaka 1967, na Mwalimu Nyerere, akiwa rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969 ndiyo inayosomeka kwa raha zaidi. Lakini tafsiri ya kutafutwa kwanza sasa ni Peponi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kutoka riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami kumbe ni rehani ya deni la babake, na baadaye anasafiri na msafara wa biashara mpaka bara. Gurnah aliandika kwa Kiingereza maneno ya watu ambao katika maisha yao wangesema Kiswahili. Katika Peponi wanakisema, na kurasa za dukani na za njiani zinasikika kana kwamba hivyo ndivyo zilivyokuwa tangu mwanzo.

Ushairi ndio watu husema hawauwezi. Wengi walifundishwa kuhesabu mizani kabla ya kusikia sauti. Ajaribiwe mtu kama huyo na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kwa sharti kwamba aambiwe kwanza kitabu hicho kilitoka wapi. Abdilatif, kijana wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka ulioikosoa serikali ya Kenya. Mashairi aliyatunga gerezani, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje, na yakachapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata kitabu kilipewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ndani yake mna shairi la majibizano la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi: mmoja yuko juu anataka kuangua, mwingine yuko chini anataka kuukata. Lisomwe na watu wawili, kila mmoja achukue upande wake na autetee kwa nguvu. Lahaja ya Kimvita itawapa shida katika beti za mwanzo, kisha sikio litazoea. Anayetaka mshairi aliyelelewa na bahari kuliko darasa amtafute Haji Gora Haji wa Tumbatu na diwani yake ya Kimbunga.

Watoto wasisahauliwe, maana msomaji hupatikana mapema au hupatikana kwa taabu. Marimba ya Majaliwa ya Semzaba, kuhusu mvulana anayeitafuta marimba yake iliyoibwa na kuizunguka Tanzania akiifuata, inamfundisha mtoto nchi bila yeye kujua kwamba anafundishwa.

Na vipo vipya. Tangu mwaka 2014 kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, inayopokea miswada ya riwaya na ushairi na kusaidia ichapishwe. Miongoni mwa vitabu vilivyotokana nayo ni N'na Kwetu, diwani ya Mohammed Khelef Ghassani kuhusu kuishi ugenini, itakayowagusa hasa Waswahili walioko Ulaya na Ghuba, na Mungu Hakopeshwi, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon. Vitabu hivi mara nyingi havikai kwenye rafu ya mbele, ambako vimepangwa vya shule. Mnunuzi amtajie muuzaji jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji, na kama hakipo amwombe akiagize. Vile vya zamani, akina Bwana Msa na Willy Gamba, kwanza vitafutwe kwa wauza vitabu vya mitumba kandokando ya barabara. Huko mara nyingi muuzaji mwenyewe amevisoma, na atamwambia mteja kipi kinafuata.